Kengele ya Majina Mawili

Ogle alikataa mara ya tatu, na safari hii alikataa akiwa amesimama. Jumatatu alikuwa amewakatalia polisi kituoni. Jumanne akamkatalia wakili wake, Kamaljit, kwenye simu. Sasa ilikuwa Jumatano asubuhi, na zamu ya kukataliwa ilikuwa ya Nyambura, mpelelezi wa kujitegemea aliyetumwa na wakili huyo. Alikuwa ameketi kwenye sofa la mzee, ghorofa ya tisa, Newtown, mtaa wa jiji moja la Waingereza, na kikombe cha chai ya maziwa iliyokolea iliki mkononi.

"Hiyo caution yao wakae nayo," Ogle alisema. "Mimi nikiri nimeiba kitu cha babu yangu? Walahi hapana."

Nyambura hakuja kumbembeleza akiri. Alikuja kwa sababu siku zilikuwa zinayoyoma. Polisi walikuwa wamempa Ogle hadi Ijumaa saa sita mchana achague moja kati ya mawili: akiri wizi, aandikiwe onyo rasmi na kwenda zake, au akatae na kufunguliwa mashtaka. Kwa mtu mwingine onyo lingekuwa jambo dogo. Lakini Ogle alikuwa dereva wa teksi, miaka kumi na minne bila doa, na aliyekiri wizi hawezi kutegemea kubaki na leseni. Akikiri, kazi imekwenda na kengele imekwenda. Asipokiri, mahakamani. Mzee wa miaka sitini na mitatu alikuwa ameyapima yote hayo akaona heri mahakama, na Nyambura, ambaye hakuwahi kuwaamini watu wanaokubali upesi, alimpenda kwa hilo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Wiki moja kabla, kengele ya meli ya kivita ilitoweka katika klabu ya mabaharia wastaafu huko Northfield. Ilikuwa imeandikwa GAINSAY 1889, jina la meli na mwaka wake. Kabati halikuvunjwa, lilifunguliwa kwa ufunguo. Katibu wa klabu, bwana mmoja aitwaye Derrick, akawaambia polisi kwamba siku chache kabla ya wizi dereva mmoja Msomali alikuja kuuliza habari za meli hiyo hiyo, akaacha anwani yake. Konstebo Suhail akapanda hadi Newtown. Juu ya kabati la vyombo la Ogle, chini ya kitambaa cha kufuma, akakuta kengele iliyoandikwa GAINSAY 1889. Nani angetaka ushahidi zaidi?

Na bado ulikuwepo. Mgongoni mwa kengele palikuwa na neno jingine, limechongwa vibaya kwa patasi: MARLPIT. Konstebo aliandika katika taarifa yake kwamba mshukiwa alijaribu kuificha mali ya wizi kwa kuibandika jina la uongo.

Nyambura aliweka kikombe chini. Miaka kumi na moja ya upelelezi wa polisi Nakuru ilimfundisha kuuliza maswali mafupi.

"Umeitoa wapi, Mzee?"

"Kwa baba. Na baba kwa babu. Dalmar. Alikuwa anatia makaa kwenye Gainsay, Aden, wakati wa vita vya kwanza. Meli ilipokatwakatwa, alipewa kengele."

"Halafu?"

"Isiolo. Ilikuwa inaita watoto wa duksi, madrasa yetu. Mimi mwenyewe imeniita. Halafu Rotterdam, halafu hapa."

"Nani ameiona?"

"Watu wangu wote. Binti yangu Deeqa amewaambia polisi. Wanasema ni family, lazima aseme hivyo."

"Kwa nini ulikwenda Northfield?"

Hapo uso wa mzee ulilainika kidogo. Alikuwa amesoma kwenye gazeti la mtaa kwamba jina la Gainsay litapewa meli mpya, na klabu ya Northfield inakusanya kumbukumbu kwa ajili ya sherehe. Akavaa koti zuri akaenda kuwaambia kwamba yeye anayo kengele, na angependa ipigwe siku hiyo, na jina la babu yake litajwe. Derrick alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, kisha akamwambia hakuna mtu wa namna hiyo katika kumbukumbu zao.

"Una karatasi yoyote ya babu?"

Ogle alitazama dirishani. Nyambura akangoja. Aliwahi kungoja wezi wa ng'ombe mpaka wakachoka wenyewe, seuze dereva mwenye aibu. Hatimaye mzee aliingia chumbani akarudi na kopo la biskuti, na ndani yake cheti cha kumwachisha mtu kazi katika jeshi la majini, kimekunjwa mara nne. Meli iliyoandikwa ilikuwa Marlpit. Mtu aliyeandikwa alikuwa Jim Coalsack 2, yaani Jimu Gunia-la-Makaa, wa pili.

"Sasa umeona," Ogle alisema. "Si meli yake, si jina lake. Ningewapa hii wangenicheka. Lakini baba alisema ni ya babu, na baba hakuwa mwongo."

Nyambura alipiga picha cheti, mbele na nyuma. Alishuka ngazi ghorofa tisa kwa sababu lifti ilikuwa na matatizo yake, akiwa na kazi moja kichwani: kengele ile ni ya nani, na ajue kabla ya Ijumaa saa sita.

*

Derrick alikuwa mtu wa miaka sabini, tai imenyooka, viatu vinang'aa. Alimpokea Nyambura alasiri hiyo kwa adabu zote na chai hafifu, akamtembeza klabu kama mwenye nyumba. Kwenye ubao mkubwa wa mti palikuwa na orodha ya meli nne zilizowahi kuitwa Gainsay, kwa herufi za dhahabu. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1797. Wakubwa wa jeshi, alieleza, walibishana wiki nzima kuhusu jina la meli hiyo, kila mmoja akilipinga la mwenzake, hadi fundi mkuu wa karakana akasema basi iitwe Gainsay, yaani Kupinga, tumalize kazi. Jina likashika. Tangu hapo kila meli iliyolirithi imerithi na ushindi wa wenzake waliotangulia. Meli mpya inaweza kuingia majini siku ya kwanza ikiwa na heshima za vita vya miaka mia mbili.

Nyambura alisema kwamba hata kwao mtoto huzaliwa na sifa za bibi yake. Derrick alicheka kwa heshima na hakuuliza kwao ni wapi.

Kabati la vioo lilikuwa tupu, ila kadi yake ilikuwa bado imesimama. Iliandikwa kwamba kengele hii ililia kwenye sitaha ya Gainsay ya 1889 siku vita vilipokwisha, Novemba 1918. Baba yake Derrick ndiye aliyeileta klabuni, miaka sitini iliyopita. Jumamosi ofisa wa jeshi la majini angekuja kuichukua, ikatundikwe kwenye meli mpya. Derrick alipolitaja hilo alishika fundo la tai.

Nyambura alimuuliza kama Ogle aliwahi kuingia ndani ya klabu. Hapana. Aliwahi kuliona kabati? Hapana. Basi alijuaje ufunguo ulipo? Derrick alishusha sauti. Palikuwa na msafishaji, Valère, wa kutoka Kongo. Naye pia ni Mwafrika. Huenda wawili hao wanafahamiana.

"Afrika ni kubwa, Derrick," Nyambura alimwambia kwa Kiingereza chake cha polepole, akainuka bila kumaliza chai.

Hata hivyo aliliandika jina la Valère. Hasira ni hasira, na kazi ni kazi.

*

Alhamisi asubuhi alikuwa maktaba kuu ya jiji mlango ulipofunguliwa, akiagiza kitabu kinene cha orodha za meli. Alikwenda akiwa na wazo, na wazo lilikuwa baya.

Kosa hilo alilitoa kwao. Baba yake Nyambura alikuwa na ndugu watatu, na kila mmoja wa wanaume hao wanne alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama desturi ya Wagĩkũyũ inavyotaka. Krismasi nyumbani kwa bibi mtu akiita Nyambura, waliitika watano, bibi akiwa mmojawapo. Jina kuwa na wenyewe wengi kwa wakati mmoja lilikuwa jambo la kawaida kwake kama ugali. Kwa hiyo alipoona kwenye ubao wa Derrick Gainsay ya 1889 na Gainsay ya 1916, aliona dada wawili wakielea bahari moja, na usiku ule alimwambia Kamaljit kwamba babu yake Ogle angeweza kuwa kwenye yoyote kati ya hizo. Cheti cha Marlpit alikiweka pembeni; alidhani ni cha mtu mwingine kilichopotelea kwenye kopo la biskuti.

Kitabu kilimsahihisha. Alisoma orodha ya Gainsay kwa kidole, kama alivyokuwa akisoma vitabu vya matukio kituoni, akitafuta si zilivyoanza bali zilivyoishia. Ya 1797 iliungua bandarini. Ya 1841 ilivunjwavunjwa. Ya 1916 iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1931. Lakini ile ya 1889 ilifika Machi 1916 ikakatika hapo. Haikuzama, haikuungua, haikuuzwa. Meli isiyokufa ilikwenda wapi?

Alirudi kwenye dibaji, ile sehemu ambayo hakuna mtu huisoma, na jibu lilikuwa aya ya tatu. Meli mbili haziruhusiwi kuwa na jina moja kwa wakati mmoja. Jina likitakiwa kwa meli mpya na ile ya zamani ingali hai, ya zamani huvuliwa jina na kupewa jingine, ili la kwanza liachiwe mrithi.

Nyambura alijiona mjinga, kisha akafurahi, kwa kuwa upelelezi mwingi ni kufurahia ulivyokuwa mjinga jana. Alifungua herufi M. Marlpit: iliundwa 1889; imo orodhani tangu Aprili 1916; ghala linaloelea, Aden; ilivunjwa 1919. Urefu wake na uzito wake vilikuwa vile vile vya Gainsay, hadi tarakimu ya mwisho. Ilikuwa meli moja. Jina walilivua Machi, wakaivika jingine Aprili, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kusubu kengele mpya kwa ajili ya ghala, fundi wa meli akachonga jina jipya mgongoni kwa patasi. Mabaharia wakaendelea kuiita Gainsay, kama watu wanavyoendelea kuuita mtaa kwa jina la zamani hata serikali ibadilishe kibao. Dalmar akaenda nalo nyumbani.

Kwa hiyo Ogle hakudanganya, na cheti hakikumpinga. Neno ambalo polisi waliliona kuwa hila ya mwizi ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote. Na kadi ya Derrick ilikuwa na uongo ndani yake, kwani Novemba 1918 meli ile ya 1889 haikuwa ikiitwa Gainsay.

Saa saba nakala ya daftari la mabaharia wa Marlpit, aliyoiagiza Kamaljit tangu alipotumiwa picha za cheti kutoka kwenye hifadhi ya nyaraka, ikaingia kwenye simu yake. Nyambura alitafuta Dalmar, hakuna. Alikuta watia makaa kumi na wanane kutoka Aden na Berbera, na wote walikuwa na majina ya mzaha ambayo karani alichoka kuyabuni. Tom Bucket, yaani Tomu Ndoo. Ben Lampblack, Beni Masizi. Na Jim Coalsack walikuwa watatu, namba moja, mbili na tatu, kwenye meli moja, mwezi mmoja.

Aliisoma safu hiyo mara mbili na hasira ikampanda mpaka masikioni. Jina la meli walikuwa wamelitunza kama yai; hata ghala la makaa halikuruhusiwa kulishiriki na meli nyingine. Lakini kwa watu watatu wenye baba zao na mama zao lilitosha moja, na namba. Kwao Nyambura watu walipewa jina moja kwa sababu kuna aliyependwa. Hawa walipewa jina moja kwa sababu ya uvivu wa mtu mwenye kalamu.

Kamaljit, kwenye simu, alimsikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa mwanamke wa kuhesabu mapengo. Alisema kazi ni nzuri, lakini polisi watajibu kwamba kengele ya klabu ndiyo hiyo hiyo yenye majina mawili, na Ogle aliiiba ikiwa na yote mawili.

"Umethibitisha meli," alisema. "Sasa nithibitishie kengele."

*

Valère alipatikana Longbridge, kwenye maduka yaliyojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari, akisukuma mashine ya kuoshea sakafu. Alikuwa na kazi tatu na mapumziko ya dakika kumi na tano, na alimpa Nyambura mapumziko hayo yote. Hakumjua Ogle. Hakuwahi kufika Newtown. Ufunguo wa kabati alikuwa nao zamani, lakini Derrick aliuchukua wiki tatu zilizopita.

"Aliuchukua kwa nini?"

"Hakusema, Maman. Ilikuwa kesho yake ya ile mambo ya aimant."

Nyambura alimwomba aeleze pole pole.

"Mi nilikuwa nasafisha ile kengele kila vendredi, Ijumaa. Kartasi yangu ya kazi nilikuwa naibandika pale juu, na ka-aimant ka friji, njo nisiisahau. Siku moja Monsieur Derrick akaingia. Akaona ka-aimant kameshika kwenye kengele. Akakatoa. Akakarudisha. Akakatoa tena. Bon, akakaa tu kwenye kiti."

"Sumaku ilishika? Kwenye kengele yenyewe?"

"Ilishika muzuri."

Kengele ya meli ni shaba. Sumaku haishiki shaba, hilo hata mtoto anayecheza na mlango wa friji analijua. Kengele iliyokuwa Northfield miaka sitini ilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na Derrick aliligundua hilo wiki tatu tu kabla ya ofisa wa jeshi kuja kuichukua mbele ya watu. Kisha, kama riziki, mtu akabisha mlangoni kwake na kusema anayo ya kweli nyumbani.

Nyambura alimuuliza Valère kwa nini hakumwambia mtu. Valère alimtazama kwa mshangao wa kweli. Polisi walikuja, alisema, wakaongea na wakubwa. Yeye alikuwa anapiga deki mbele yao, na wakainua miguu apitishe ufagio.

Aliandika maelezo yake kwa mkono kwenye meza ya mgahawa, akatia saini, akarudi kwenye mashine dakika mbili kabla ya muda.

*

Ijumaa saa tano asubuhi konstebo Suhail aliiweka kengele ya Newtown juu ya meza ya biliadi ya klabu, juu ya gazeti, ili Derrick aitambue rasmi. Kamaljit alikuwa ameshikilia kwamba upande wa utetezi uwepo, kwa hiyo Ogle naye alikuwepo, katika koti lile lile zuri, mikono nyuma. Alipofika mlangoni Derrick alikuwa amesema mgeni angoje nje. Ogle akapita kana kwamba hakusikia.

Derrick aliizunguka meza mara moja. Akasema ndiyo, ni yenyewe.

"Una hakika?" Nyambura aliuliza.

"Nimekua nayo. Naijua kama jina langu."

Nyambura alianza na kadi. Aliweka mezani cheti cha babu yake Ogle, chenye jina la Jim Coalsack wa pili, akampa Suhail ukurasa wa kitabu, na Suhail, kijana makini wa Small Heath ambaye kosa lake lilikuwa kuamini tu alichokuwa ameandika, akausoma hadi mwisho, akausoma tena, kisha akainama kulitazama neno Marlpit mgongoni mwa kengele. Derrick alisema kadi iliandikwa na baba yake, na mzee anaweza kukosea mwaka.

Nyambura alikubali kwamba mzee anaweza kukosea mwaka. Kisha akaenda nyuma ya kaunta ya baa, akabandua sumaku kwenye friji ya klabu, yenye picha ya mnara wa Blackpool, akairudisha ukumbini na kumpa Suhail.

"Ijaribu hapo," alisema. "Popote utakapo."

Suhail aliigusisha kwenye kengele. Sumaku iliteleza ikaanguka kwenye zulia. Aliiokota akaijaribu ukingoni, akaijaribu juu kabisa, na kila mara ilianguka. Mara ya mwisho ilibingirika ikagonga mguu wa meza.

Ndipo Kamaljit alipotoa maelezo ya Valère na kuyasoma kwa sauti, kuanzia kartasi ya kazi hadi ufunguo. Alisoma bila kupamba. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Derrick iliishia kwenye mstari ule wa mwisho. Kabla Kamaljit hajakunja karatasi, mtu yule alikuwa ameketi.

"Kengele ya klabu iko wapi, bwana?" Suhail aliuliza.

Ilikuwa gereji, nyumbani kwake, ndani ya gunia la mbolea. Derrick alisema hayo akiangalia viatu vyake. Alisema baba yake aliwaambia watu miaka yote kwamba aliipokea kwa mkono wake kutoka kwa nahodha, na yeye akalisimulia hilo kwa watoto wa shule, kwa meya, kwenye mazishi ya mzee mwenyewe. Hakuweza kusimama Jumamosi aone ofisa akiigonga kwa ukucha na kutabasamu. Alikuwa amekusudia tu kwamba kengele ya kweli iende kwenye meli. Si ndiyo mahali pake?

Nyambura alimwonea huruma kwa muda mfupi, kisha akakumbuka kwamba mtu huyu alikuwa tayari kumwona mwenzake akipoteza leseni na kuitwa mwizi mbele ya wajukuu, na huruma ikamwisha.

Suhail alimwambia Derrick kwamba watazungumza zaidi kituoni. Alimgeukia Ogle akamwambia kwamba hakuna mashtaka tena, na lile onyo limefutwa. Aliomba radhi, kwa maneno machache lakini akimtazama machoni. Ogle aliitikia kwa kichwa. Bado mikono ilikuwa nyuma.

Derrick hakuwa amemaliza. Kesho ni kesho, alisema, na watu mia mbili wamealikwa. Kama Ogle angekubali kuiazima kengele, angemwomba ofisa amtaje yule mtia makaa katika hotuba. Jim Coalsack, wa pili. Ndivyo ilivyo katika kumbukumbu. Dalmar hayumo, na jeshi haliwezi kumshukuru mtu asiyekuwemo.

Kamaljit alifungua mdomo. Nyambura akamgusa mkono anyamaze.

Suhail alikuwa ametoa fomu ya kukabidhi mali na akahitaji kitambulisho. Ogle alileta mikono mbele, akatoa leseni yake ya teksi mfukoni, ile ile ambayo wiki nzima ilikuwa ikining'inia kwenye uzi, lakini hakumpa konstebo. Aliiweka juu ya gazeti, mbele ya Derrick.

"Soma," alimwambia kwa Kiingereza.

Derrick alisoma, kwa sababu sauti ile haikuwa ya kuomba. "Ogle Ridwan Dalmar."

"Ogle ni mimi. Ridwan ni baba yangu. Sisi hatuna jina la ukoo la kuokota. Mtu anabeba baba, halafu anabeba babu. Huyo wa tatu ndiye aliyetia makaa kwenye meli yenu. Mlimvua jina miaka mitatu. Mimi nimembeba sitini na mitatu. Yuko kwenye kipande changu cha Kenya, yuko kwenye pasipoti ya Uholanzi, na kila abiria niliyembeba katika mji huu amekaa nyuma akamwangalia kwenye dashibodi. Usiniambie hayumo. Hayumo kwenye karatasi zenu."

Suhail alivuta fomu, na mahali palipoandikwa mwenye mali akaandika majina matatu, akaigeuza ili Ogle ayasome. Ogle aliyasoma pole pole, na ndipo alipotia saini.

"Kesho akiitwa Dalmar, nitaileta mwenyewe na nitaipiga mwenyewe," alimwambia Derrick. "Akiitwa Jim, meli yenu iende bubu."

Aliikumbatia kengele kwa mikono miwili, akakataa boksi, akakataa kusaidiwa. Derrick alimuuliza, kwa sauti ndogo, amwambie nini ofisa wa jeshi.

"Mwambie ulichosoma," Ogle alisema, na Nyambura akamfungulia mlango wa mbele.